Nililipita geti la Ndabaka miaka minne bila kuingia

Jirani yangu hapa München, Ujerumani, bibi mmoja mstaafu, aliponiuliza kwetu ni wapi nilimjibu Mwanza. Akawaza kidogo, uso ukamchangamka: "Serengeti!" Halafu akataka kujua mwezi gani unafaa kwenda kuwaona nyumbu wakivuka mto. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Julai au Agosti," nikaomba Mungu asiulize zaidi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sijawahi kukanyaga Serengeti.

Na wala si mbali. Basi la Musoma likishapita Magu na Lamadi, kabla hujafika Bunda unaliona geti la Ndabaka pale pale kando ya lami. Nilisoma bweni Musoma miaka minne. Kila likizo inapoisha, upande wa kulia wa dirisha pundamilia, kushoto ziwa, na mimi nimepakata begi nawaza ugali wa shule. Hakuna aliyewahi kusema tushuke. Tulijua mle ndani ni kwa wazungu.

Hifadhi ya taifa ya kwanza kuingia maishani mwangu ipo Ujerumani. Inaitwa Bayerischer Wald, ya kwanza nchini humo, ilianzishwa 1970. Jumamosi moja nilipanda treni, nikabadili Plattling, nikashuka kituo kidogo cha Ludwigsthal, na baada ya kutembea kidogo nilikuwa msituni. Geti hakuna, kiingilio hakuna. Watoto wa chekechea walikuwa wamekaa kwenye magogo wanakula mikate yao. Nilipanda kilima, nikatembea saa tano, na mnyama niliyemwona kwa macho yangu ni kindi mmoja. Linksi, yule paka-mwitu wa Ulaya, nilimkuta kwenye eneo lenye uzio, amelala. Nilicheka peke yangu: mtu wa Kanda ya Ziwa kusafiri kutwa nzima kumfuata kindi!

Lakini nimerudi tena na tena, na ndiyo maana nasema hili. Wenzetu hawapendi pori kuliko sisi. Wana usafiri wa kuwafikisha. Watu wa kwetu ukiwauliza watakwambia kiingilio ni ghali, kumbe Mtanzania hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya zile dola anazotozwa mgeni. Kinachotushinda ni gari. Serengeti ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000 na huruhusiwi kujitembelea kwa miguu tu, kwa hiyo usipokuwa na gari lenye uwezo geti unaliangalia kwa nje. Bei ya kukodi Land Cruiser siku moja inamaliza mshahara wa watu wengi ninaowafahamu. Basi moja la abiria la kila Jumamosi, Mwanza hadi ndani ya hifadhi na kurudi jioni, lingefanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya kuhamasisha utalii wa ndani.

Mjini penyewe tunayo Saanane, kisiwa cha dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Wengi wanadhani jina limetokana na saa ya mchana, kumbe ni la mzee aliyekuwa akiishi pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa kamili. Unakaa juu ya mawe na pimbi wako, unautazama mji. Nina binamu Kirumba ambao hawajafika.

Desemba iliyopita tulichanga ndugu saba, tukakodi gari, tukampeleka mama. Getini alivaa kitenge kipya kama anakwenda harusini. Tulipowakuta nyumbu alitulia muda mrefu, kisha akasema hawa anawajua tangu usichana wake, ila leo ndiyo wamesimama. Siku zote walikuwa wanakimbia na basi. Tembo hakuwafurahia sana. Baba mdogo analima Lamadi, na tembo akishaingia kwenye mahindi usiku, asubuhi hakuna cha kuvuna. Hilo bibi wa München halijui, na mimi nimeacha kumficha.

Njiani kurudi nikamsimulia mama habari za Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliyepigania Serengeti, akapigania na ule msitu wangu wa Bayerischer Wald, na leo amezikwa Ngorongoro kando ya mwanawe. Kati ya 1966 na 1969 mradi wake uliwaleta sokwe 17 kutoka bustani za Ulaya na kuwaachia kisiwani Rubondo, huku huku ziwani kwetu. Wengi walikuwa wamekamatwa wadogo Afrika Magharibi, wakakaa miaka nyuma ya nondo. Waliposhushwa hakuna aliyewafundisha tunda lipi linaliwa. Wakajifunza, wakazaliana, wajukuu zao wapo hadi leo. Mwakani, nikasema, nikijaliwa tutapitia Nkome tukawaone.

Mama alinyamaza mpaka tukapita Magu.

"Na wewe," akasema, "huko unakula nini?"