Muuguzi amfuate mzee nyumbani

Katika hospitali nyingi za serikali Tanzania utakuta bango linalotaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza, na kwingine wazee wana dirisha lao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Hayo yote nayaunga mkono kwa moyo wangu wote. Ila dirisha humfaa mzee aliyekwisha kufika. Anayeninyima raha mimi ni yule ambaye hafiki mpaka abebwe.

Mchukue babu mwenye tezi dume aliyewekewa mpira wa mkojo. Mpira ule unapaswa kubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, kwa mikono safi na vifaa safi. Hospitali ya wilaya iko mbali, nauli yake na ya kijana wa kumshika ndiyo pesa ya unga, na kupanda bodaboda na mpira ule ni mateso. Safari inaahirishwa. Mpira unaziba, vijidudu vinaingia. Mtu wa makamo angechemka homa, watu wakashtuka. Mzee wa miaka 80 huenda asiwe na homa kabisa: anaacha kula, anachanganya majina ya wajukuu, anapepesuka akienda chooni. Nyumbani wanasema ni uzee tu. Siku chache baadaye inatafutwa gari usiku wa manane.

Kubadilisha mpira ule ni kazi ya muda mfupi kwa muuguzi. Na akishaingia mle ndani ataona mengi zaidi. Atakagua miguu ya bibi mwenye sukari, hadi katikati ya vidole, mahali ambapo bibi haoni vizuri na pengine hahisi tena maumivu. Ataomba aletewe dawa zote, agundue vidonge vya presha viliachwa kwa sababu mgonjwa alijisikia nafuu. Atauliza habari ya maji ya kunywa, maana wazee wengi hujinyima maji jioni wasije wakaamka usiku kwenda choo cha nje. Daktari aliye mjini hawezi kuyaona haya, hata awe bingwa.

Sisemi watu waogope hospitali. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, nyonga ikivunjika, mkimbizeni mara moja. Lakini kitanda nacho kina gharama yake kwa mwili uliochoka. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema: miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao walikuwa wazima. Ndiyo maana mzee anaingia wodini akitembea, anatoka akishikiliwa huku na huku. Na halazwi peke yake. Binti anafunga genge ili amuuguze, mkwe anabeba uji asubuhi na chakula jioni, na wajukuu wanabaki na majirani.

Kenya mwaka 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Tanzania ikafuata mwaka 2024 na mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mhudumu huyo hakusomea kubadilisha mpira wa mkojo, kusafisha kidonda kirefu wala kuamua kama mzee aliyechanganyikiwa ana maambukizi. Anahitaji muuguzi nyuma yake, wa zahanati ileile, mwenye siku maalumu ya kuzunguka majumbani, pikipiki yenye mafuta na mshahara.

Tutaambiwa wauguzi hawatoshi. Zahanatini ni kweli hawatoshi, lakini wapo vijana waliohitimu uuguzi wanaokaa mtaani wakisubiri ajira. Na kazi yenyewe si ngeni kwetu. Enzi UKIMWI ulipotuelemea, wahudumu wa majumbani walipita nyumba kwa nyumba na mifuko yao, wakawaosha na kuwafunga vidonda watu ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Tulilifanya hilo tukiwa na uwezo mdogo kuliko tulio nao leo.

Kazi ianze na orodha. Kila zahanati iandike wazee wa eneo lake wasioweza kutembea, wenye mipira ya mkojo, wenye vidonda, wanaoishi peke yao. Mwenyekiti wa kitongoji na mabalozi wanawajua wote kwa majina. Mchana mmoja wa kukaa nao unatosha kuikamilisha, na wiki inayofuata muuguzi anaweza kuanza kuzunguka.