Ndimu ya makaani na kifua kisichopona

Bibi yangu wa Muheza hakuwa mtu wa kukimbilia duka la dawa. Ukibanja kikohozi usiku mara mbili tatu, alfajiri unakuta ndimu imelazwa pembeni mwa makaa. Anaigeuzageuza mpaka ganda linaanza kuungua na kunukia, anaikata, ananyunyiza chumvi, anakupa uifyonze ingali na moto. Muheza ni nchi ya machungwa, lakini kwake chungwa lilikuwa la kula; dawa ilikuwa ndimu.

Nami nawafanyia wanangu hivyo hivyo, ila badala ya chumvi natia asali. Ukali wa ndimu unaleta mate, asali inalainisha koo, mtoto anapata usingizi. (Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.) Mwaka 2020, Korona ilipoingia, malimau yalipanda bei masokoni kwa sababu wengi waliamini vitamini C inafukuza ugonjwa. Mimi siamini hivyo. Vitamini hiyo hupungua ikipata moto, na mafua yakishakushika haiyatoi. Ndimu inatuliza koo, basi. Kutuliza huko ni jambo kubwa, ila ndiko kulikotuponza.

Mjomba wangu alikohoa miezi miwili. "Ni kifua tu," tulisema. Tukamchomea ndimu, tukampigisha nyungu ya majani ya mlimau na mchaichai. Kila asubuhi alituambia leo afadhali, na hakuwa anadanganya: koo lilikuwa afadhali kweli. Mashati yakaanza kumpwaya. Alipopimwa makohozi ikaonekana ni kifua kikuu, na muda wote huo alikuwa akilala chumba kimoja na wajukuu. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu kipimo ni bure, na dawa za miezi 6 ni bure, katika vituo vya serikali.

Kikohozi kikifika wiki 2, mtu apelekwe akapimwe, hata kama ndimu inampa nafuu. Akitema damu, au mtoto akipumua mbiombio huku mbavu zikibonyea ndani, asisubirishwe hata siku moja.

Mjomba alimaliza dozi yake, wajukuu nao wakapimwa, wako salama. Siku hizi akianza kubanja namchomea ndimu kama alivyozoea, na tangu siku ya kwanza naweka alama kwenye kalenda.