Kipengele cha 17: Mbuzi Wataenda Wapi?

Fomu ya kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama ina maswali ya kutoa jasho, lakini muulize mwanafunzi yeyote wa mifugo hapa Uganda, atakuambia afadhali aulizwe dozi, sindano, hata hesabu, kuliko kuulizwa mwisho wa mnyama. Kwenye fomu yetu swali hilo lilikuwa kipengele cha 17: eleza hatima ya wanyama utafiti ukimalizika. Niliandika mstari mmoja tu, "Watarudi kwa mwenyewe." Mwenyewe ni Mjomba Haji wa Bombo, na Mjomba Haji alikuwa na mpango wake tayari. Mpango huo ulikuwa Idi Kubwa.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kueleza. Wapo wafugaji wanaowapa mbuzi mbegu za papai kama dawa ya minyoo, nami nilitaka kupima kama kweli zinamtikisa Haemonchus contortus, yule mnyoo wa tumbo la nne anayenyonya damu mpaka mbuzi anavimba chini ya taya na ukope kwa ndani unakuwa mweupe kama karatasi. Makundi matatu: la kwanza linapata mbegu zilizokamuliwa kwa ethanoli, la pili linapata albendazole, dawa ya minyoo ya kawaida, la tatu halipati kitu. Unahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kabla ya dawa, unahesabu tena baada ya siku 14. Gramu 2 za kinyesi, mililita 28 za maji yaliyokolea chumvi, ponda, chuja, jaza vyumba viwili vya kioo cha McMaster, yaache mayai yaelee kwa dakika 5, hesabu yaliyo ndani ya mistari ya vyumba vyote viwili, zidisha kwa 50. Hayo ndiyo mayai kwa kila gramu. Ukihesabu mara tu baada ya kujaza, nusu ya mayai bado yako chini na utampa mbuzi mgonjwa cheti cha afya.

Niliomba mbuzi 30, yaani 10 kila kundi. Hapo ndipo kamati ilipoamka.

Mtaalamu wa takwimu alichukua kalamu. Kama huna takwimu za awali za kupigia hesabu ya nguvu ya jaribio, yaani wanyama wangapi wanatosha kuonyesha tofauti, kuna njia ya mkato: idadi ya wanyama wote, toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Thelathini toa tatu ni 27. "Wamezidi. Weka 7 kila kundi, utapata 18." Mtaalamu wa minyoo akaruka: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1992 wa kupima upungufu wa mayai ulitaka wanyama wasiopungua 10 kila kundi, kwa sababu mbuzi mmoja anaweza kuwa na mayai 200 na jirani yake 6,000, na kundi dogo linadanganya. Mmoja anasema wengi, mwenzake anasema wachache, na mimi nimekaa katikati nasikiliza. Ilibaki 30, kwa sharti la kuandika sababu ukurasa mzima. Anayekwenda kuomba kibali aandike sababu hizo mapema. Kamati haichukii namba kubwa, inachukia namba isiyo na baba.

Katika kamati kama hizi lazima awemo mtu asiye mwanasayansi na asiye wa chuo, anayewakilisha jamii. Wetu alikuwa mzee aliyestaafu uchinjaji. Muda wote alikuwa kimya, tukadhani amesinzia. Akafungua jicho moja.

"Hili kundi la tatu lina minyoo na halipewi dawa. Limekosa nini?"

Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Jibu lake ni kikomo cha mateso: unaandika kabisa ni dalili gani ikionekana mnyama anatolewa kwenye jaribio na kutibiwa papo hapo. Kwa minyoo hii tunatumia kadi ya FAMACHA. Unafunua ukope wa chini, unalinganisha rangi na kadi yenye daraja 1 hadi 5, kutoka wekundu mpaka weupe. Akifika 4 au 5, anatibiwa, takwimu zako zitajua zenyewe. Unaongeza pia kipimo cha damu: wingi wa chembe nyekundu ukishuka chini ya asilimia 15, mnyama ametoka. Na damu unayochota itaje kwa hesabu hata kama ni kidogo. Mbuzi wa kilo 20 ana damu kama mililita 1,400. Kwa mkupuo mmoja usivuke asilimia 10, yaani mililita 140. Mimi nilitaka mililita 2 kutoka mshipa wa shingo kwa sindano ya geji 20. Ukiandika "damu kidogo" fomu inarudi.

Mzee akafungua jicho la pili. "Na hao wa papai, mwisho wao, anawala nani?"

Chumba kikanyamaza. Daktari wa mifugo wa kamati akakohoa, akaeleza kwamba albendazole ina muda wake wa kusubiri kabla ya kuchinja, umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Dawa yangu ya papai haina kibandiko. Hakuna anayejua mabaki yake yanakaa siku ngapi kwenye nyama. Kwa hiyo mbuzi 10 wa kundi la kwanza hawaingii sokoni, hawaingii jikoni. Tena fomu inataka njia ya kumwua mnyama kwa dharura, kama akivunjika mgongo, na mimi nilikuwa nimeandika pentobarbitali, dawa ya usingizi ambayo ikizidishwa inaua. Mzoga wa pentobarbitali hauliwi na mtu wala mbwa. Unachomwa au unafukiwa shimo refu, kwa sababu mbwa akiufukua na yeye anaondoka.

Jioni nikampigia mjomba.

"Asalaam aleikum, mjomba."

"Waaleikum salaam, mpwa wangu. Wamekubali?"

"Karibu. Ila mbuzi kumi hawataliwa."

"Wana kichaa?"

"Hapana, watakuwa wamepewa dawa."

"Dawa gani?"

"Papai."

Kimya kirefu. Nilisikia kuku wa watu.

"Mpwa wangu, mimi asubuhi nimekula papai."

Nikamweleza habari ya ethanoli, kukamua, dozi kwa kilo ya uzito. Akaniuliza kama hiyo ethanoli ndiyo pombe. Nikasema inakaushwa yote mpaka inaisha. Akasema sawa, lakini hilo nisilitaje pale msikitini.

Kabla ya kutoa kibali kamati huja kukagua banda, na sheria ya kwanza ya ukaguzi ni kwamba banda liwe tayari na liwe tupu. Wanyama wa utafiti hawanunuliwi kabla ya barua. Banda la mjomba lilikuwa zuri kwelikweli: sakafu ya mbao imeinuliwa kutoka ardhini ili kinyesi kidondoke chini na mbuzi wasile majani yaliyochafuliwa, nafasi kati ya ubao na ubao kama sentimita 1.5, eneo la mita za mraba 1.5 kwa kila mbuzi, na kibanda cha pembeni cha kuwatenga wageni na wagonjwa. Niliyapima mwenyewe. Lilikuwa tupu nilipoondoka.

Msafara ukafika kutoka Kampala, mwenyekiti mbele na bodi ya kuandikia mkononi. Mbuzi 30 wakageuka kututazama.

"Hawa ni nani?" akauliza mwenyekiti.

"Wageni," akasema mjomba.

Ukweli ni kwamba mjomba alikuwa na hoja. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, serikali huweka karantini, na ofisa mifugo wa wilaya hatoi kibali cha kuhamisha ng'ombe, mbuzi, kondoo wala nguruwe. Kulikuwa na uvumi kutoka upande wa Nakasongola. "Wakifunga barabara," akawaambia wanakamati, "nyinyi ndio mtaleta mbuzi na teksi?" Akatoa vibali vyote vya usafirishaji, vimepigwa mihuri, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambayo hakuna aliyemwomba. Kamati ikanong'ona. Haji ni mtu huru, anafuga mbuzi wake nyumbani kwake. Hakuna utafiti ulioanza. Wakaamua kuhesabu kwamba banda limekaguliwa likiwa na wakazi.

Tatizo likaja kwenye vigezo. Niliandika kwamba majike wenye mimba hawashirikishwi, kwa sababu albendazole mwezi wa kwanza wa mimba inaweza kumharibu mtoto tumboni. Daktari akasimama mbele ya jike mmoja mweusi, akamtazama ubavuni, akamtazama kiwele.

"Haji, huyu ana mimba."

"Hana."

"Umejuaje?"

"Aliyeniuzia ameapa."

Tukaitwa chai na maandazi. Nasema haya kama mtu aliyesoma: mimba ya mbuzi ni siku kama 150, ukitaka uhakika tumia mashine ya mawimbi ya sauti (ultrasound) kuanzia mwezi wa kwanza na ushee, au mtenge jike na beberu miezi mitano kabla hujaanza. Kiapo cha muuzaji hakimo kwenye orodha ya vipimo. Kikombe cha pili hakijaisha, kikasikika kilio bandani. Mweusi amezaa. Mtoto wa kwanza yuko salama. Wa pili mguu umeingia kwenye ubao mmoja ulioliwa na mchwa, pale ambapo sentimita 1.5 zimekuwa 4. Mwenyekiti wa kamati, profesa mzima, alilala kifudifudi kwenye mavi ya mbuzi na suti yake akauchomoa ule mguu kwa vidole viwili, taratibu, kwato kwanza. Mzee wa jamii akaushika mwanga wa simu. Kwenye bodi ya ukaguzi, mstari wa idadi, daktari akafuta 30 akaandika 32.

"Kama ungekuwa umeanza," akaniambia huku tunamnawisha mwenyekiti, "hilo ni tukio lisilotarajiwa. Ripoti, halafu ombi la kubadilisha idadi." Watoto wanaozaliwa katikati ya jaribio ni wanyama wa jaribio, hata kama hukuwaagiza.

Barua ikaja. Haikukataa, ilinirudisha mlango wa mbele. Tangu mwaka 1959, wanasayansi Russell na Burch walipoweka zile kanuni tatu za kutumia wanyama kwenye utafiti, ya kwanza ni ileile: kama unaweza kujibu swali bila mnyama hai, anza huko. Kwa nini nisijaribu kwanza dawa yangu kwenye mayai ya minyoo yenyewe, maabara? Unayasafisha mayai kutoka kwenye kinyesi, unayaweka kwenye visima vidogo vya sahani ya maabara, mayai kama 100 kila kisima, unaongeza dawa kwa viwango tofauti, unaacha saa 48 kwenye joto la nyuzi 25 hadi 27, unatia tone la ayodini kusimamisha kila kitu, unahesabu yaliyoanguliwa na yaliyogoma. Hakuna mbuzi anayemeza chochote. Kinachotakiwa ni mavi.

Hata mavi yana kibali. Unayachukua kwenye njia ya haja kubwa kwa glavu yenye mafuta, gramu 5 zinatosha, kwa hiyo mnyama unamgusa, kwa hiyo ni kamati, na baada ya kamati ni usajili kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Na mwenye mbuzi anasaini fomu ya ridhaa. Niliiandika kwa Kiswahili safi, pamoja na aya ambayo kila kamati inaidai: mmiliki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, bila kupoteza haki yoyote. Mjomba aliisoma aya hiyo mara mbili, akasaini.

Kazi ikaanza kwa mbio. Mayai yanatakiwa yaanze kupimwa ndani ya saa 3 tangu kuchukuliwa, kwa maana baada ya hapo yanaanza kukua na matokeo yanapotoka. Kutoka Bombo saa 3 zinatosha kabisa, mpaka ufike jamu ya Kawempe. Dawa yake ni chupa: kinyesi na maji, jaza mpaka mdomoni pasibaki hewa, funga. Bila oksijeni mayai yanalala mpaka siku 7. Friji hapana, baridi inayaua ya Haemonchus. Mwenzangu wa boda alinidai nauli ya abiria wawili.

Sampuli za majaribio zikaenda vizuri. Mzunguko wenyewe wa kuchukua sampuli niliupanga baada tu ya Idi. Mkesha wa Idi, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Kwa mujibu wa aya ya 6 ya fomu yako, najitoa. Sitoi sababu. Idi Mubarak." Bei ya mbuzi ilikuwa imepanda. Hakuna mbuzi aliyekuwa amepewa dawa yoyote, kwa hiyo wote 29 walikwenda sokoni kihalali.

Amebaki mweusi na mapacha, maana hakuna anayenunua anayenyonyesha. Nikapima kinyesi chake kwa kukata tamaa: mayai 4,300 kwa gramu. Jike aliyetoka kuzaa kinga inashuka na mayai yanapanda, hiyo ipo kwenye kila kitabu cha minyoo. Mmoja tu angetosha sahani nzima za maabara. Ila vigezo vyangu vinasema wenye mimba na wanaonyonyesha hawashirikishwi, kwa hiyo nimejaza ombi la mabadiliko, na sababu zake ukurasa mzima, na fomu mpya ya ridhaa. Mjomba aliivalia miwani. Akauliza kama aya ya 6 bado imo.

"Imo, mjomba."

"Basi sawa," akasema, akanikabidhi fomu, akadai kalamu yake.