Kaka, Tuyamalize Hapa Hapa

Hebu nisaidieni jamani, hii bima ndogo ya gari inamsaidia nani? Kila mwaka natoa 118,000, yaani laki moja ya bima na elfu kumi na nane ya VAT. IST yangu ikitumbukia mtaroni, bima inanitazama tu. Ikiibwa, pole. Ikiungua, pole sana. Lakini nikimgonga mtu baki anayekwenda zake kununua vocha, hapo ndipo bima inaamka, inavaa tai, inakwenda kumlipa. Gari yangu, hela yangu, faida ya watu nisiowajua hata kwa sura. Ukitaka ikutazame na wewe ukate bima kubwa, na bima kubwa kwa mshahara wangu ni ya kusikia redioni.

Haya, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ndivyo inavyotaka: huingizi gari barabarani bila kuwakatia bima hao watu baki. Nimekubali. Nalipa huku nanung'unika, lakini nalipa.

Sasa njoo kijiweni kwetu. Pale kwenye kahawa kuna profesa mmoja, gari analo, bima hana, na anajisifu. Hesabu yake ni hii: faini ya trafiki elfu 30, bima 118,000, mjinga nani? Watu wanatikisa vichwa, wanaongeza kashata. Nikamuuliza, profesa, ukipigwa mkono mara nne kwa mwaka, si tayari laki na ishirini, na bima bado huna? Akasema yeye hapiti njia zenye trafiki. Dar hii hii! Labda anapita baharini. Na hizo faini akiziacha siku saba zipite, inapanda robo nzima juu yake, maana ile mashine ya trafiki haina undugu. Siku akipelekwa mahakamani badala ya kuandikiwa, huko hata kifungo kimo kwenye sheria. Lakini profesa ana jibu la kila kitu: ati serikali ilipofuta leseni ya mwaka ya magari mwaka 2017 ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, basi na bima nayo wangeimwaga humo humo kwenye petroli tukajua moja. Kijiwe kizima kikampigia makofi. Sikupiga, ingawa ukweli wa Mungu hoja ilikuwa tamu.

Mimi hao wakwepa bima nilikuwa nawaona vichekesho tu, mpaka siku nilipokuwa mtu baki mwenyewe.

Nimesimama zangu kwenye mataa ya Mwenge, taa nyekundu, mkono kwenye breki, nawaza bei ya gesi. Kwa nyuma, puu! Gari aina ya Noah. Nikashuka. Bampa limening'inia upande mmoja, taa ya kushoto imebaki vipande, buti halifungi. Roho ikaniuma, lakini moyoni kuna kisherehe fulani: kumbe leo ni zamu yangu! Miaka yote nawalipia wenzangu, leo bima ya mwenzangu inanilipia mimi.

Jamaa akashuka, shati limechomekwa vizuri, mpole kupita kiasi. Jueni hili: mtu akikugonga halafu akawa mpole kupita kiasi, hana bima. Mwenye bima anashuka anagomba. Huyu wangu neno la kwanza, "Kaka, tuyamalize hapa hapa." Nikamwambia ndugu yangu, tumsubiri trafiki apime, kisha bima yako ihangaike. Akasogea akakaa mbele ya kioo cha gari lake, kiganja kimefunika kona ya chini kulia. Nikasogea kushoto, naye akasogea. Hatimaye boda mmoja akamwita, akageuka, nikaiona: stika ya karatasi, jua limeila mpaka imekuwa nyeupe, imebanduka ncha, imeshikizwa kwa selotepu. Stika ya karatasi, zama hizi za stika za kielektroniki! Nikatoa simu, nikaingiza namba za gari lake kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima. Bima yake ilishakufa zamani, tena haijaacha hata mrithi.

Hapo mahakama ya bodaboda ikawa imeshakaa, majaji wote wana helmeti mkononi. Mmoja akasema mimi ndiye nilifunga breki ghafla. Kwenye taa nyekundu! Mwingine akasema nisamehe tu, bampa la IST linapatikana Ilala kwa bei ya kutupa. Nikamwambia basi litupe huku niliokote.

Trafiki akaja, akapima, akamwandikia. Elfu 30 yake ikaenda serikalini, sawa, ni haki. Bampa langu je? Bampa langu, akasema afande, ni shauri la madai, nikamshitaki.

Nikaenda kwa shemeji yangu ambaye ni karani wa wakili. Akanieleza vizuri: asiye na bima analipa mwenyewe kutoka mfukoni, na angemvunja mtu mguu, tangu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, inapojazwa mpaka fidia ya mwisho ingekuwa juu yake. Nikachangamka. Nikauliza, je, nikishinda na jamaa hana kitu? Akasema unakazia hukumu, dalali wa mahakama anakwenda kukamata mali. Nikachangamka zaidi. Ila, akasema, sheria hairuhusu kukamata nguo zake, masufuria wala kitanda na matandiko. Sasa mimi nimeshafika kwake. Ana nguo, masufuria na kitanda. Hata ile Noah, kumbe ni ya mjomba wake.

Kwa hiyo tukaandikishiana mbele ya mjumbe: atalipa kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Miezi ya jamaa haina mwisho. Nikipiga, "Kaka vumilia, kuna dili linaiva." Na mimi natembea na bampa lililofungwa kwa waya, trafiki wa kila kona ananisimamisha kuniuliza kuhusu ubovu wa gari. Mwenye bima hai ndiye anayesimamishwa!

Juzi simu ikaita mlio wa ujumbe. Jamaa kaniunganisha kwenye kundi la WhatsApp: kamati ya harusi ya mdogo wake, yeye ndiye mweka hazina. Kadi yangu wameshaipanga, dabo, laki moja. Mke wangu anasema nichange, nisije nikampoteza mdeni.