Mzee, pori na kibali: barua ya wastaafu wa Kirumba

Babu yangu mzaa mama alitembea na kijifuko cha ngozi chenye majivu ya jikoni. Porini, kila baada ya hatua kadhaa, alichota kidogo kwa vidole viwili, akayaachia, akayatazama yanakoelekea. Yakimrudia usoni, alisonga mbele. Yakitangulia kule tunakokwenda, alisimama na kuanza kuzunguka, hata kama kuzunguka kwenyewe kungekula asubuhi nzima. "Upepo ukitoka kwako kwenda kwa swala," alituambia, "umeshampelekea salamu zako." Alikuwa ameshapita miaka sitini na mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuta. Bunduki hakuwa nayo. Mwenye bunduki na kibali alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mwema, na babu ndiye aliyemwonyesha wapi pa kukaa na wakati gani wa kunyamaza. Jioni mwalimu alirudi na swala, babu akarudi na mguu wa mbele na matumbo.

Nimemkumbuka kwa sababu ya barua. Wastaafu kadhaa tunaokutana nao jioni hapa Kirumba, Mwanza, wengi wao watumishi wa umma waliowahi kuwinda kwa kibali enzi zao, wanaandaa maombi kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Wanataka mwindaji mwenyeji aliyefikisha miaka 60 apunguziwe ada, atengewe siku chache za mwanzo wa msimu, na aruhusiwe kufyatua risasi akiwa ndani ya gari lililosimama. Wamenipa rasimu niisome. Moyo wangu uko pamoja nao, lakini naona barua imebisha hodi mlango usio wake.

Mfano wao mkubwa ni Marekani, kwa kuwa mmoja wao ana kijana wake anayeishi Wisconsin. Mfano huo ni wa kweli, tusiubeze. Kule wanawinda ayala, yule mnyama tunayemsikia kanisani, anayefanana na swala wetu ila pembe za dume zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota nyingine. Alabama, mkazi akifikisha miaka 65 hahitaji tena leseni ya kuwinda. Ohio, wakazi waliozaliwa kabla ya 1938 hupewa leseni bure. Pennsylvania ina siku chache za Oktoba, kabla ya msimu mkubwa wa bunduki, ambazo watoto, watu wenye ulemavu na wazee wa 65 kwenda juu huruhusiwa kuwinda ayala kwa bunduki. Na huko Wisconsin, kuna aina ya upinde ambao kamba yake huvutwa mara moja ikashikiliwa na chuma mpaka mwindaji afyatue kama bunduki. Kwa miaka mingi upinde huo ulikuwa wa wenye ulemavu na waliofikisha 65 tu, kwa sababu bega la mzee haliwezi kushikilia upinde wa kawaida uliovutwa. Mwaka 2014 ukaruhusiwa kwa watu wote.

Kuna na dungu. Wamarekani wengi humsubiri ayala wakiwa juu ya mti, kwenye jukwaa linalofanana kabisa na dungu letu la kulindia mtama. Miaka ikisonga, kupanda kule ndiko kunakovunja watu viuno, kuliko risasi. Ndiyo maana mzee hushauriwa ashuke, ajenge kibanda cha kujificha chini, akae kwenye kiti, asubiri. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika habari zao zote: wameutazama mwili wa mzee jinsi ulivyo, wakabadilisha kazi ili imfae.

Sasa tuulize kwa nini wanafanya hivyo. Ayala mwenye mkia mweupe alikaribia kwisha mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Wanakula mazao, wanaingia bustanini, na kwa makadirio ya kampuni za bima magari huwagonga zaidi ya milioni moja kila mwaka. Upande wa pili wawindaji wamepungua: mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu milioni 17, mwaka 2016 wakahesabiwa milioni 11.5. Fedha za uhifadhi kule hutoka kwa hao hao, kwenye leseni zao na kwenye kodi ya asilimia 11 inayotozwa bunduki ndefu na risasi kwa sheria ya 1937. Mzee akiamua kubaki nyumbani, mfuko unapungua na ayala wanaongezeka. Kumbembeleza arudi porini ni heshima, lakini ni hesabu pia.

Kwetu hesabu imegeuka. Hatuna swala wa ziada. Mtu anayetoka Mwanza kwenda Magu mpaka Lamadi anapita vijiji na mashamba ya pamba yaliyoshikana, na pori linaanza pale hifadhi inapoanza. Swala walio karibu na sisi kuliko wote ni swala pala wa Kisiwa cha Saanane, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na kile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, chenye kilomita za mraba mbili na kidogo. Kisiwa cha Rubondo kuna nzohe na pongo, nao ni jamii ya swala, lakini nako ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Serengeti ndiyo usiseme. Ndani ya hifadhi za taifa hakuna kuwinda, awe kijana awe mzee, na sitamani siku ije ya kubadilisha hilo. Kinachobaki ni mapori tengefu, maeneo ya wazi, na ardhi za jumuiya za vijiji kama Makao kule Meatu au Ikona wilayani Serengeti, ambako vijiji vina sauti katika matumizi ya wanyamapori. Huko idadi ya wanyama wanaoruhusiwa hupangwa kwa hesabu, na kila swala anayepewa mtu mmoja ametolewa kwenye fungu la mwingine.

Ombi la gari ndilo lililonikaa kichwani kuliko mengine. Majimbo mengi ya Marekani humpa mtu asiyeweza kutembea kibali maalumu cha kufyatua akiwa ndani ya gari lililozimwa. Kule ni huruma. Hapa kwetu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imeweka kuwinda kwa gari kwenye kundi moja na mbwa, sumu, mitego na tochi za usiku. Imefanya hivyo kwa sababu: gari porini, bunduki dirishani, ndiyo sura ya jangili tuliyoizoea tangu miaka ya 1980. Askari wa wanyamapori akiona gari limesimama jioni na mtutu umetokeza, atajuaje kwamba ndani kuna mzee mwenye magoti mabovu na si vijana wenye tochi chini ya kiti? Nawaelewa wastaafu wetu, magoti yanauma kweli. Ila ruhusa hiyo ingemweka askari mahali pagumu, na ingemweka mzee mwenyewe kwenye hatari. Kiti tu kingemtosha, alimradi asikae jirani na maji wanyama wanakonywa.

Upande wa pingamizi una jambo zito kuliko gari, nalo halizungumzwi Kirumba kwa sababu ya heshima. Macho. Swala aliyejeruhiwa akakimbia ni mateso kwa mnyama na kazi ya kumfuatilia hadi giza linaingia. Mkono unaotetemeka na jicho lenye mtoto wa jicho vinaongeza uwezekano huo. Tusijidanganye kwamba uzoefu unafuta hilo. Babu yangu alijua kila kwato, lakini miaka yake ya mwisho alikuwa akiniuliza mimi, mtoto, kama kile kilichosimama ni swala au ni kichuguu.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema mzee atulie, acheze bao. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ambayo ndiyo inayomtambua mtu wa miaka 60 kuwa mzee, inamwona mzee kuwa hazina ya maarifa. Maarifa ya pori ni ya aina hiyo hasa, kwa sababu hayakuandikwa. Wasukuma walikuwa na vyama vya wawindaji vyenye nyimbo zao na dawa zao: wa tembo, wa nyoka, hata wa nungunungu aliyekuwa akimaliza mihogo. Ukienda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, utaona ngoma na vifaa vya vyama vya zamani vimepangwa vizuri. Utakachokikosa ni mtu wa kukuonyesha tofauti ya unyayo wa swala pala wa asubuhi na wa jana yake: wa asubuhi kingo zake bado kali na udongo ndani yake bado una rangi ya unyevu, wa jana kingo zimelainika, na mara nyingi kuna njia ndogo ya mdudu imekatiza katikati. Hili nililionyeshwa nikiwa nimepiga magoti, uso wangu kiganja kimoja kutoka ardhini, na kidole cha mzee kikiwa hakigusi unyayo bali kinaelea juu yake.

Na hapa ndipo ninapoona barua imekosea mlango. Punguzo la ada linamfaa mwenye bunduki yenye leseni. Wenye bunduki zenye leseni kati ya wazee wetu ni wachache, na ni wale wale waliokuwa na mshahara. Ada ya mwindaji mwenyeji ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni; siyo inayomzuia mstaafu wa Kirumba. Mzee wa Nassa au wa Kwimba aliyekuwa na gobole la baba yake, akalisalimisha serikali ilipotangaza msamaha, hana cha kupunguziwa. Huyo akikutwa na kipande cha nyama kavu ya nyumbu ana nyara za serikali, na kwenye mahakama za ukanda huu kifungo cha miaka 20 kwa nyamapori si habari ngeni. Wote wawili ni wazee, wote wanalipenda pori. Kila tulichopendekeza mpaka sasa kinamwendea mmoja.

Najua jibu litakalokuja, na lina uzito: ukimfungulia mzee wa kijijini, utakuwa umemfungulia mjukuu wake. Kibali kitakuwa na jina la babu, nyama itakuwa ya biashara ya kijana. Tumeyaona hayo kwenye mashamba, kwenye mikopo, hata kwenye leseni za uvuvi hapa ziwani, ambako jina la mzee limebeba mitumbwi asiyowahi kuipanda. Tangu 2020 kuna kanuni za kuuza nyamapori kwenye mabucha yaliyosajiliwa, kwa hiyo nyama ina soko la wazi, na panapokuwa na soko patakuwa na wanaotafuta jina la kutumia. Pingamizi hili silipuuzi. Ndilo linalonifanya nisipendekeze kibali cha mtu mmoja mmoja.

Ninachokipendekeza ni kidogo zaidi, na nadhani kinawezekana. Kwenye fungu la wanyama la jumuiya ya vijiji, swala wachache watengwe kila msimu kwa ajili ya wazee wa vijiji hivyo, siyo kwa jina la mtu. Wawindwe kwa siku zilizotangazwa, askari wa wanyamapori akiwepo. Mwenye kufyatua awe mwenye leseni na macho mazima, hata awe askari mwenyewe. Mzee ndiye anayeongoza: anachagua njia, anasoma nyayo, anaamua dume yupi aachwe. Alipwe posho kama anavyolipwa mwongoza watalii, na vijana wawili watatu wa kijiji wawe nyuma yake wakijifunza. Nyama igawanywe kijijini siku hiyo hiyo mbele ya watu, isifike sokoni.

Wastaafu wenzangu nao hawajasahaulika hapo. Bunduki zao na leseni zao ndizo zingehitajika, na wenye macho mazuri wangefyatua. Ila wangekwenda kama alivyokwenda yule mwalimu, nyuma ya mtu mwingine.

Juzi jioni niliwaeleza hivyo. Wawili walikubali ibara iongezwe kwenye rasimu. Mmoja, tunayemheshimu sana kwa umri wake, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na huyo mzee wa kuongoza, mwanangu, bado yupo? Umemtafuta?" Nikamwambia namjua mmoja Magu, na nitakwenda kumwona Jumamosi. Akasema twende wote.