Daktari wa Meno Atazame na Mashavu

Mwaka 1952 mtaalamu aitwaye Schwartz alieleza ugonjwa wa kinywa aliouona kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi hapa Kenya. Mwaka uliofuata Joshi wa Bombay aliandika juu ya hali hiyohiyo, na maelezo yake ndiyo yaliyotoa jina linalotumika hadi leo: fibrosisi ya chini ya utando wa kinywa. Utando laini wa ndani ya mashavu hupauka, hupoteza unyevu na ulaini wake, kisha hukakamaa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Mtu huanza kwa kuwashwa na pilipili asiyoijali zamani. Baadaye mdomo haufunguki sawasawa, ulimi hautoki vizuri, na hata kula ndizi nzima kunamshinda.

Naanza na Kenya kwa sababu watu wa pwani tumeuweka ugonjwa huu mbali nasi, tukiuita wa Wahindi. Damu ya mtu haihusiki sana hapa. Kinachouleta ni popoo, ile kokwa ngumu ya mpopoo inayotafunwa, na popoo imo kwenye sinia la uraibu tangu enzi za mabibi zetu, pamoja na jani la tambuu, chokaa na katu. Sina nia ya kuwavunjia heshima wazee wetu, wala ya kuifanya harusi ya Kiswahili iwe mahali pa lawama. Ila popoo ya siku hizi haingoji harusi. Huuzwa imekatwakatwa, imetiwa sukari na manukato, ndani ya vipakiti ambavyo mtoto anaweza kuvinunua akidhani ni peremende.

Wengi bado wanaamini kwamba ubaya uko kwenye tumbaku tu, na kwamba asiyechanganya tumbaku yuko salama. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi wake: popoo yenyewe inasababisha saratani, hata bila tumbaku. Namna inavyolikakamaza shavu nayo inajulikana vizuri kiasi. Ina kemikali iitwayo arekolini, inayozichochea seli za utando zitengeneze nyuzi za kolajeni kupita kiasi. Tanini zake, zile zinazoipa ukakasi, huzifanya nyuzi hizo zisivunjwe kirahisi, na shaba iliyomo huongeza nguvu ya kimeng'enya kinachozifunga pamoja. Mwili unajenga, haubomoi. Ndiyo maana anayeacha popoo huweza kuuzuia ugonjwa usizidi, lakini shavu lililokwisha kakamaa halirudi lilivyokuwa.

Sasa nije kwenye tiba, maana hapa ndipo ninapoumia.

Mgonjwa akifika kwa mtaalamu anaweza kupewa sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, ndani ya shavu, au hayaluronidesi ya kulainisha nyuzi, au vidonge vya likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, au pentoksifilini ya kuongeza mzunguko wa damu. Hufundishwa mazoezi ya kufungua mdomo. Hali ikiwa mbaya sana hupasuliwa, nyuzi zikakatwa, na asipofanya mazoezi kwa bidii baada ya hapo mdomo hujifunga tena. Orodha ni ndefu, na urefu wake unadanganya. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya ushahidi mwaka 2008 walipata majaribio mawili tu yanayokubalika kwa vigezo vyao, yenye jumla ya watu 87. Ugonjwa ulikuwa umejulikana kwa zaidi ya miaka hamsini! Majaribio yameongezeka tangu hapo, ila mengi ni madogo, yanafuata wagonjwa kwa miezi michache, na kila kundi linapima kwa njia yake. Huyu anahesabu milimita za mdomo kufunguka, yule anauliza kama kuwashwa kumepungua. Ukitaka kuyaweka pamoja, hayalingani.

Na miezi michache ni kipimo kisichofaa kwa ugonjwa huu. Huko Ernakulam, jimbo la Kerala nchini India, watafiti waliwafuata wagonjwa 66 kwa miaka 17, na asilimia 7.6 kati yao wakapata saratani ya kinywa. Swali kubwa la mgonjwa ni hilo: je, dawa hii itanizuia nisifike huko? Jaribio la wiki kumi na mbili haliwezi kumjibu, hata likiwa safi namna gani. Nawasihi watafiti wetu wa Nairobi, Muhimbili na kwingineko: mkianzisha jaribio, wafuateni watu kwa miaka, pimeni kwa kipimo kimoja kinacholingana na cha wenzenu, na rekodini nani ameacha popoo na nani hajaacha. Bila hilo la mwisho hatutajua kilichofanya kazi ni dawa au ni kuacha.

Upande wa kuchunguza mapema, kwa bahati njema, ushahidi upo, tena wa kazi ya watu wasio madaktari. Kuanzia mwaka 1996, wilayani Thiruvananthapuram katika jimbo lilelile la Kerala, zaidi ya watu laki moja na tisini elfu wa miaka 35 na kuendelea waligawanywa kwa kura ya maeneo. Upande mmoja, wahitimu wa vyuo vikuu wasiosomea utabibu walifunzwa kutazama kinywa kwa macho na mwanga, wakaenda nyumba kwa nyumba. Upande wa pili uliendelea na huduma za kawaida. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha vifo vya saratani ya kinywa vimepungua kwa asilimia 34 miongoni mwa wanaotumia tumbaku au pombe. Kwa watu wote kwa jumla tofauti haikutosha kuthibitishwa. Hilo nalichukua kwa uzito wake: tusipoteze nguvu kumulika kila kinywa, tuanze na wanaotafuna na kuvuta.

Huko Guam na Saipan, visiwa vya bahari ya Pasifiki, wamelifanyia majaribio hata suala la kuacha: waliohudhuria vikao vya kusaidiwa waliacha popoo kwa wingi kuliko waliopewa kijitabu peke yake. Sisi hata kijitabu chenyewe hatuna.

Kliniki nyingi za meno huku kwetu mgonjwa huingia na jino, hutoka bila jino, na mashavu hayajatazamwa. Ninachokiomba hakihitaji mashine. Daktari amwambie mgonjwa aingize vidole vyake vitatu, vikiwa vimesimama mmoja juu ya mwingine, kati ya meno ya juu na ya chini; mtu mzima mwenye kinywa kizima kwa kawaida huviingiza. Amvute shavu, alipapase kwa kidole, atazame chini ya ulimi. Amuulize kwa upole kama anatumia popoo, kuberi (tumbaku ya kutafuna) au ugoro, na jibu liandikwe kwenye faili. Akikuta baka jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichopitisha wiki mbili, asimpe dawa ya kusukutua na kumwambia arudi mwezi ujao. Amwandikie rufaa akakatwe kinyama kipimwe, na amweleze waziwazi kwa nini.

Nawe unayetafuna, usingoje kuulizwa. Mwambie.