“Yeye” haina shida, shida ni “mjomba”

Mteja alikuja jioni kwenye chumba changu cha unasihi, foleni ilipokwisha, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Shikamoo, marahaba, kisha mimi kwa mazoea yetu ya Mtwara nikasema, “Karibu mjomba, keti.” Hakuketi. Alibaki ameshika kitasa cha mlango. Kadi iliandikwa ME, nami nilikuwa nimeisoma kadi kabla ya kumtazama mtu, ambaye nafsini hajioni mwanamume.

Wanasihi wanaofanya kazi kwa Kiingereza huhangaika sana na viwakilishi, mteja aitwe hivi au vile. Sisi Kiswahili kimeshatutua mzigo huo: “yeye” ni yeye, “amelala” ni amelala, hata “mwanangu” humtosha yeyote. Kinachochoma kwetu ni kaka, dada, mjomba, binti, na lile jina linalopaazwa dirishani mbele ya benchi zima. Nami nina kinywa changu, naweza kuuliza: “Humu ndani ungependa nikuite nani?”

Nina wenzangu, watu wema kabisa, wanaoamini kazi yetu ni kumrudisha mtu kama huyu “kwenye njia”. Sikubaliani nao. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii, ya mtu kujiona nafsini si wa jinsia aliyoandikiwa, kwenye magonjwa ya akili katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Sasa unamtibu nini? Yeye kaja na usingizi uliopotea, sonona, hofu ya kufukuzwa nyumbani, pengine na wazo la kujidhuru. Hayo yana tiba. Mama yake akitaka kumpeleka kwa mganga, sigombani na imani yake. Namwomba tu mtoto asipigwe wala asifungiwe ndani.

Wala simsukumi mtu popote. Mwingine ana mashaka, tunakaa na mashaka yake hata miezi. Huku kwetu jando na unyago ndiko mtoto anakoambiwa yeye ni nani, kwa ngoma na mbele ya ukoo mzima. Aliyepelekwa jandoni huku moyo wake ukiwa unyagoni ana mengi ya kusimulia, na mara nyingi hajawahi kumsimulia mtu. Hapo mimi hunyamaza. (Kunyamaza ndiko kulikonichukua miaka mingi kujifunza.)

Kwenye faili naandika sonona na kukosa usingizi, basi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu vitendo vya kujamiiana “kinyume cha maumbile”, hakisemi lolote kuhusu mtu anavyojiona nafsini, lakini mtaani nani anatofautisha? Na mji wenyewe ndio huu, mtumishi wa masjala ni mtoto wa jirani.

Jioni ile nilimwomba radhi, nikamuuliza jina. Alilitaja kwa sauti ya chini, macho kwenye dirisha la upande wa benchi. Nikainuka nikalifunga. Ndipo akaketi, akavua kofia, akaanza na habari za usingizi.